UZI: Ulaya imemezwa na Marekani? Tuuchambue mjadala huu kwa mifano, kuanzia sinema na soda mpaka mpira

Mwana_Kisiwandui

Wakuu salaam. Kuna hoja inazunguka sana humu kwamba Ulaya ya leo haina tena utamaduni wake, kila kitu wamekopi kwa Mmarekani, muvi za Mmarekani, chakula cha Mmarekani, simu za Mmarekani, hadi namna ya kugombana kwenye siasa ni ya Mmarekani. Mimi naishi Ufaransa na hili jambo nalifuatilia kwa karibu, maana wanangu wanakulia hapa na nataka nijue wanakulia ndani ya nini. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kupinga aanze kujipanga: Ulaya ilimezwa pale ilipoacha hela na umiliki vijiendee bila masharti. Pale ilipotunga sheria ya nani anamiliki na hela inarudi wapi, cha Mmarekani kiliingia kikageuzwa kikawa chao.

Tuanze na sinema maana ndo vita ya kwanza. Mwaka 1946 Ufaransa imetoka vitani iko hoi, madeni yake kwa Marekani hayabebeki. Léon Blum, aliyewahi kuwa waziri mkuu, akatumwa Washington pamoja na Jean Monnet wakaongee na James Byrnes, waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Mei 28 mkataba ukasainiwa, deni kubwa likafutwa, mkopo mpya ukatoka, na humohumo kukawa na kipengele cha sinema. Kabla ya vita Ufaransa ilikuwa inaweka kikomo cha filamu za kigeni zinazoingia. Kikomo hicho kikaondoka, badala yake kumbi zikatakiwa zitenge wiki 4 tu katika kila wiki 13 kwa ajili ya filamu za Kifaransa, zile 9 ni soko huria. Sasa muelewe, Hollywood ilikuwa na lundo la filamu za miaka ya vita ambazo Wajerumani walizizuia kuonyeshwa Ufaransa, filamu ambazo zilisharudisha gharama zake kwao Marekani, kwa hiyo wangeweza kuziuza bei ya kutupa na bado ikawa faida tupu. Mfaransa anayeanza upya kwa vifaa vya kuungaunga na umeme wa mgao atashindana vipi na hiyo?

Januari 1948 waigizaji na mafundi wa sinema wakaingia barabarani Paris. Mwaka huohuo mkataba ukarekebishwa, wiki 4 zikawa 5. Ila kubwa lililofanyika si hiyo wiki moja. Septemba 1948 ikapita sheria ya mfuko wa kusaidia sinema: kila tiketi inayouzwa inatozwa ushuru, na ushuru huo unarudi kutengeneza filamu za hapa kupitia taasisi inaitwa CNC iliyoundwa 1946. Leo ni asilimia 10.72 ya tiketi. Yani Hollywood ikijaza ukumbi Jumamosi, sehemu ya hela hiyo inakwenda kumtengenezea filamu Mfaransa. Hawakumfukuza mgeni, walimtoza, na hela wakajua inakwenda wapi.

Linganisheni na Uingereza. Nao walikuwa na ushuru wa tiketi kuanzia 1950, lakini "filamu ya Kiingereza" kwao ilikuwa ni ile iliyotengenezwa na kampuni iliyosajiliwa Uingereza na kwa wafanyakazi wengi wa Kiingereza, bila kujali mwenye mali nyuma yake ni nani. Makampuni ya Hollywood yakafungua matawi London, yakapiga picha pale, yakachota mfuko uleule uliowekwa kuwakinga wenyeji. Ukafutwa 1985. Ushuru ni uleule, kilichotofautiana ni swali la umiliki.

Nitaendelea. Karibuni.

Binti_Tandale

Tupo siti za mbele kaka. Ila hapo kwenye sinema sawa, sasa kwenye tumbo je? Maana ukipita miji ya Ulaya kwenye video za watu unaona baga na kopo la soda kila kona, huko sheria iko wapi?

Mwana_Kisiwandui

Swali zuri dada yangu. Kwenye tumbo walipiga kelele sana na matokeo yakawa madogo, na hii ndo inanipa nguvu ya hoja.

Coca-Cola ilipotaka kujitanua Ufaransa kuanzia 1949, wakomunisti na wakulima wa zabibu, watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja, wakaungana. Mwaka 1950 Bunge likapitisha muswada wa kumpa waziri wa afya mamlaka ya kudhibiti vinywaji vya aina hiyo. Marekani ikang'aka, magazeti ya kule yakasema hawa tunawalisha kwa mpango wa Marshall (msaada wa Marekani wa kuijenga Ulaya baada ya vita) halafu wanatukatalia soda. Mwisho wa siku soda ikabaki ikauzwa.

Mwaka uliofuata, Desemba 23 1951, mji wa Dijon, wakatundika sanamu ya Baba Krismasi kwenye uzio wa kanisa kuu, wakaichoma moto mbele ya watoto wa parokia. Kosa lake: ni upagani ulioletwa kwa nguvu mpya na Mmarekani, anamfunika Mtoto Yesu. Kesho yake jioni manispaa ikamtoa Baba Krismasi mwingine juu ya paa la ukumbi wa mji akasalimia watoto kama kawaida, na meya wa mji wakati huo, Félix Kir, alikuwa ni padri! Leo nenda Dijon Desemba uone kama kuna anayekumbuka kwamba huyu mzee alishawahi kuchomwa.

Disney walipofungua bustani yao Marne-la-Vallée, Aprili 12 1992, Ariane Mnouchkine, mwongozaji mkubwa wa tamthilia, aliiita Chernobyl ya utamaduni. Mwanzo haikuuza hata mvinyo, ikapata hasara kubwa, mwaka uliofuata mvinyo ukaruhusiwa, na sasa ni moja ya sehemu zinazotembelewa zaidi Ulaya nzima. McDonald's ndo hivyohivyo. José Bové na wenzake walibomoa tawi lililokuwa linajengwa Millau Agosti 1999, na sababu ilikuwa nzito kuliko baga: Ulaya ilikataa nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni, Marekani ikalipiza kwa ushuru mkubwa juu ya jibini la Roquefort, jibini la maziwa ya kondoo ambalo ndo maisha ya wafugaji wa eneo lile. Mimi wafugaji wale nawaelewa kabisa. Mtu anakaa kijijini anakamua kondoo wake halafu anaadhibiwa kwa ugomvi wa nyama ambayo hakuiuza yeye. Ila kampuni ile ina matawi zaidi ya 1,400 Ufaransa leo, ni kati ya masoko yake makubwa kabisa nje ya Marekani.

Waliofanya cha maana kwenye chakula ni Waitaliano. McDonald's ilipofunguliwa karibu na Piazza di Spagna, Roma, mwaka 1986, Carlo Petrini na wenzake hawakubomoa kitu. Wakaanzisha harakati ya Slow Food, ilani ikasainiwa Paris 1989, wakaanza kazi ya kuwatafuta wakulima wa mbegu za kienyeji na kuwatengenezea soko. Ni kazi ya polepole na haina picha za kusisimua lakini mkulima anapata hela.

Kaka_wa_Himo

Mkuu heshima yako, unaandika vizuri ila napinga. Mimi niko Ujerumani ya kaskazini. Wewe unaangalia sheria za serikali, mimi naangalia watoto wa jirani. Oktoba 31 kwa Mlutheri ni siku ya Matengenezo ya Kanisa, sisi tuliokulia KKKT tunaijua, ndo siku ya Martin Luther na hoja zake 95 mwaka 1517 pale Wittenberg. Huku kaskazini majimbo manne yameifanya sikukuu ya mapumziko tangu 2018. Sasa usiku huo watoto wanagonga mlango kwangu wamevaa kama mizuka wanadai peremende. Halloween hiyo! Ukiwauliza Luther ni nani wanakuangalia tu. Siku chache baadaye, Novemba 11, kuna sikukuu ya Mtakatifu Martin, watoto wanatembea na taa za karatasi wanaimba, kitu kizuri mno, moyo unatulia ukikiona, na unajua kabisa hii ni yao ya asili. Nawaombea isife.

Halafu Ijumaa Nyeusi. Kule Marekani ina mantiki, ni siku ya pili ya sikukuu yao ya shukrani. Huku hakuna hiyo sikukuu kabisa ila maduka yote yameandika punguzo. Hii imepita kwenye sheria gani? Hakuna. Imepita kwenye simu.

Na Ujerumani ni kesi ya peke yake, tusisahau. Hawa walikaliwa kijeshi. Redio ya wanajeshi wa Marekani ilikuwa inarusha muziki hewani na vijana wa Kijerumani wanategea sikio. Elvis Presley mwenyewe alitumikia jeshi huku, Friedberg, 1958 hadi 1960. Mpaka leo wapo kwenye kambi yao ya Ramstein. Upande wa Mashariki serikali ilijaribu kuzuia, mwaka 1959 wakabuni hadi dansi yao ya taifa, Lipsi, ili vijana waache rock and roll. Vijana wakaikataa. Mwaka 1965 Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, akasimama kwenye kikao cha chama analalamikia nyimbo za kuigiza za Magharibi, na nadhani kila alivyolalamika ndivyo vijana walivyozidi kuzitafuta. Kwa hiyo mkuu, sheria nayo ina mwisho wake.

Mwana_Kisiwandui

Kaka wa Himo nakubaliana na wewe kwenye Lipsi, ila angalia vizuri: ule ulikuwa ni marufuku. Mimi sizungumzii marufuku. Mashariki walimwambia kijana usisikilize. Ufaransa walimwambia mwenye redio, piga Mmarekani unavyotaka ila asilimia fulani iwe ya kwetu. Nakuja huko sasa hivi kwenye muziki, ndo sehemu ninayoipenda.

Chumvi_Bahari

Kabla ya muziki niongezee kwenye runinga. Umoja wa Ulaya una kanuni ya 2018 kwamba kampuni za kuonyesha filamu mtandaoni lazima asilimia 30 ya zilizomo ziwe kazi za Ulaya. Ufaransa ikaenda mbali zaidi, kuanzia Julai 2021 Netflix na wenzake lazima wawekeze asilimia 20 hadi 25 ya mapato yao ya Ufaransa kwenye kazi za Kifaransa na za Ulaya. Angalieni pia La Casa de Papel, Wahispania waliirusha kwenye kituo chao Antena 3 mwaka 2017, watazamaji wakaanza kupungua, Netflix ikaichukua, ikawa gumzo la dunia nzima. Huku kwetu Mombasa vijana walivaa ile barakoa. Utasema Uhispania ilimezwa au ilisikika? Mimi naona yote mawili, maana hadithi ni ya Mhispania lakini soko na takwimu za watazamaji ziko mkononi mwa Mmarekani.

Na Mei 2025 Trump alitangaza anataka ushuru wa asilimia 100 kwa filamu zinazotengenezwa nje ya Marekani. Hollywood yenyewe siku hizi inakimbilia kupiga picha Uingereza, Hungary, Ireland, kwa sababu kule serikali zinawarudishia sehemu ya gharama. Miaka karibu 80 baada ya Blum na Byrnes, anayelia sinema yake ilindwe ni Mmarekani.

Mwana_Kisiwandui

Umenena shekhe.

Haya, muziki. Watu wakisema Marekani imeibadilisha Ulaya huwa wanawaza baga na jinzi. Mimi nasema kilichozama kabisa ndani ya mifupa ya Ulaya ni kazi ya watu weusi wa Marekani, tena mara nyingi watu ambao Marekani yenyewe iliwakataa.

Mwanzoni mwa 1918 kikosi cha 369, askari weusi wa Harlem, walikuwa wameshafika Ufaransa. Jeshi la Marekani halikutaka wapigane bega kwa bega na wazungu wao, likawakabidhi kwa jeshi la Ufaransa. Bendi yao iliongozwa na James Reese Europe, na popote ilipopiga watu waliacha shughuli zao wakasikiliza. Kikosi kile kikarudi kwao na nishani ya vita ya Ufaransa. Josephine Baker wa St. Louis akaja Paris 1925, akawa raia 1937, wakati wa vita akafanya kazi ya siri dhidi ya Wanazi, na Novemba 30 2021 akaingizwa Panthéon, jengo la Paris la kuenzi mashujaa wa taifa, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima ile. Richard Wright akahamia 1946, James Baldwin 1948. Watu hawa walipumua hapa.

Lakini tuseme ukweli wote. Paris iliyomshangilia Baker ilimvalisha sketi ya ndizi acheze kama mshenzi wa Afrika ya kufikirika, wakati Waafrika wa kweli walikuwa wanatumikishwa kwenye makoloni. Baldwin mwenyewe aliliona na akaliandika, kwamba Mualgeria mitaani Paris anatendewa vile ambavyo yeye alitendewa kwao. Oktoba 17 1961 polisi wa Paris waliwaua Waalgeria waliokuwa wanaandamana, wengine walitupwa mtoni Seine, na kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kunyamaziwa. Kwa hiyo Mmarekani mweusi alikuwa mgeni wa heshima katika nyumba ambayo mweusi mwenyeji alikuwa mtumishi.

Sasa fika 1984. Televisheni ya TF1 inaanza kipindi cha kila wiki cha hip hop, mtangazaji ni Sidney, kijana mweusi mwenye asili ya Guadeloupe. Hata Marekani kwenyewe hakukuwa bado na kipindi cha namna ile cha taifa zima. Vijana wa magorofa ya pembezoni mwa miji, watoto wa Wamali, Wasenegali, Waalgeria, Wakomoro (Marseille Wakomoro ni wengi mno, na kwao ukipiga Kiswahili utaeleweka nusu ya maneno), wakaanza kuchana kwa Kifaransa. Miaka ya mwanzo walikuwa wachache wanaofika redioni.

Halafu 1994 ikatoka sheria ya redio, ikaanza kutumika Januari 1 1996: asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za wasanii wapya au kazi mpya. Nia ya wabunge ilikuwa kulinda nyimbo za Kifaransa, zile za gitaa na mashairi ya mapenzi. Sasa redio za vijana zikajiuliza, tutajaza vipi asilimia 40 bila kuwakimbiza wasikilizaji wetu? Jibu lilikuwa mtaani tayari. Redio ya Skyrock ikageukia hip hop ya Kifaransa, makundi ya IAM wa Marseille na NTM wa Saint-Denis, na MC Solaar aliyezaliwa Dakar ambaye alishatoka 1991, wote wakapata hewa. Sheria iliyotungwa kumzuia Mmarekani ikamlea mtoto wa Kiafrika mwenye Kifaransa chake na muziki ulioanzia New York. Ufaransa ikawa soko la pili la hip hop duniani baada ya Marekani yenyewe.

Ndo maana nilifurahi sana Julai 26 2024, ufunguzi wa Olimpiki, Aya Nakamura mzaliwa wa Bamako aliyekulia Aulnay-sous-Bois anaimba na kucheza mbele ya jengo la wasomi wanaolinda lugha ya Kifaransa, nyuma yake bendi ya Gadi ya Jamhuri. Miezi michache kabla, watu wa mrengo mkali wa kulia walimtukana wakisema hapa ni Paris, si soko la Bamako. Na usiku ule alichanganya wimbo wake na wa Charles Aznavour, ambaye naye alikuwa mtoto wa wakimbizi wa Kiarmenia. Binti yangu aliangalia akiwa amesimama, hakukaa mpaka ikaisha.

Mukongomani_wa_Matonge

Jambo yenu bote. Miye ni mutu ya Bukavu, niko Bruxelles tangu zamani, nitajaribu kuandika kwa Kiswahili chenu mnielewe.

Nataka niongeze ya Ubelgiji. Juni 2020, baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, watu wengi sana tuliandamana Bruxelles. Tarehe 9 sanamu ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Congo, ikaondolewa Ekeren, Antwerpen. Tarehe 30 Juni, siku Congo inatimiza miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe akamuandikia Rais Tshisekedi barua ya kueleza masikitiko kwa mateso ya ukoloni. Haijawahi kutokea kabla. Magazeti mengi yakasema eti Wabelgiji wameiga ugomvi wa Marekani.

Hii inaniuma. Sisi tulipigania uwanja wa Lumumba miaka mingi, pale kwenye mlango wa Matonge yetu, mtaa wa Wakongomani hapa Bruxelles, tukaupata Juni 30 2018, miaka 2 kabla ya Floyd. Wazee wetu walikuwa wanasimama mbele ya hizo sanamu tangu zamani na hakuna mtu alikuwa anawasikiliza. Mikono iliyokatwa kwa ajili ya utomvu wa miti ya mpira haikukatwa Alabama, ilikatwa kwetu Congo. Kilichotoka Marekani ni sauti kubwa, lakini kilio ni chetu. Na tena, tume ya bunge iliyoundwa ikamaliza Desemba 2022 bila kukubaliana hata neno la kuomba msamaha.

Binti_Tandale

Kaka wa Matonge nimekusoma mara mbili. Pole sana na asante kwa kuandika.

Kaka_wa_Himo

Hapo sina cha kupinga. Niongezee tu kwamba Macron naye, Oktoba 2 2020, kwenye hotuba yake Les Mureaux, alilalamikia nadharia za sayansi ya jamii zilizoingizwa moja kwa moja kutoka Marekani. Na Ufaransa kisheria hairuhusu kuhesabu raia kwa rangi, wanasema raia ni raia. Mwana Kisiwandui wewe unayeishi huko, hii unaionaje? Maana kwenye sinema ulisema Mfaransa yuko sahihi kujilinda na Mmarekani.

Mwana_Kisiwandui

Umenishika pazuri. Kwenye hili simuungi mkono. Wazo la raia ni raia ni zuri na mimi kama mgeni limenisaidia, hakuna ofisi inayoniuliza rangi yangu kwenye fomu. Lakini usipohesabu huwezi kuonyesha kwamba kijana mweusi anasimamishwa na polisi kuliko mwenzake, na ukileta hoja unaambiwa hiyo ni ya Marekani. Familia ya Adama Traoré, kijana aliyefia mikononi mwa askari Julai 2016, ilikuwa inaandamana miaka 4 kabla ya Minneapolis. Kuilinda sinema ni kulinda kazi za watu. Kusema maumivu ya raia wako mwenyewe yametoka ng'ambo ni kumnyang'anya uraia huo unaomsifia. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

Shabiki_wa_Kibra

Sasa wadau, mmeandika mengi mazuri lakini mmeruka kitu kubwa kuliko zote: BOLI. Mimi ni msee wa Nairobi, Arsenal damu. Hiyo Jumapili ya Aprili 18 2021 hatukulala. Timu 12 zinatangaza Super League, ligi yao mpya ya kujitenga, 6 za Uingereza, 3 za Spain, 3 za Italia, hela ni ya benki ya JPMorgan ya Marekani, na waanzilishi 15 (hizo 12 na 3 za kuongezwa) watakuwa ndani milele hata wakimaliza mkia. Hakuna kushuka daraja! Hiyo ni akili ya NBA na NFL, huko timu ni biashara yenye eneo, mwenye timu akichoka anaihamisha mji mwingine. Wenye Arsenal, Liverpool na Man United wote walikuwa Wamarekani.

Boli ya Ulaya imejengwa juu ya kupanda na kushuka. Timu ya mji mdogo inaweza kupanda ikakutana na mkubwa, na mkubwa anaweza kuanguka. Hiyo ndo identiti ya mji, babu alishabikia, baba akashabikia, timu imeshuka daraja la tatu na bado uwanja umejaa. Sisi huku tunaelewa hiyo hata kama hatujawahi kukanyaga London. Mashabiki wa Chelsea walijaa nje ya Stamford Bridge tarehe 20, na usiku huo timu zote 6 za Uingereza zikatoka. Mei 2 wale wa Man United wakaingia Old Trafford, mechi na Liverpool ikaahirishwa. Hii ndo siku niliona Ulaya imemwambia Mmarekani hapana na ikafaulu.

Chumvi_Bahari

Tuwe wakweli lakini, mwenyekiti wa Super League alikuwa Florentino Pérez wa Real Madrid. Mhispania. Mmarekani hakuja na bunduki, kuna matajiri wa Ulaya waliokuwa wanamsubiri mlangoni.

Mwana_Kisiwandui

Kweli kabisa, na Blum naye alisaini mwenyewe. Kila mlango uliofunguliwa Ulaya kuna Mzungu wa Ulaya aliyeshika ufunguo.

Ndugu wa Kibra umenileta palepale kwenye umiliki. Angalia nani hakuingia Super League: Bayern na Dortmund. Ujerumani wana kanuni ya 50+1 tangu 1998, wanachama wa klabu lazima wabaki na kura nyingi, mwekezaji hawezi kuamua peke yake (Leverkusen na Wolfsburg zina ruhusa maalumu). Ukitaka kuipeleka Dortmund kwenye ligi ya kufungwa itabidi uwakabili wanachama, watu wa mtaani. Uingereza hawakuwa na kinga hiyo. Familia ya Glazer iliinunua Man United 2005 kwa mikopo, mikopo ikatwishwa klabu yenyewe ambayo haikuwa na deni, na sheria ikaruhusu. Mashabiki waliokasirika wakaenda kuanzisha klabu yao, FC United of Manchester, inacheza madaraja ya chini mpaka leo, kila mwanachama kura moja.

Shabiki_wa_Kibra

Hiyo ya FC United nilikuwa nimeskia tu juu juu. Lakini swali langu mkuu, Waingereza walifanya nini baada ya 2021, ama walirudi kulala? Maana Wamarekani wamezidi kununua, Chelsea nayo ikaenda 2022, na huyo Boehly, mmoja wa Wamarekani walioinunua, Septemba hiyo akaanza kuongea mambo ya mechi ya mastaa wa kaskazini na kusini kama kule kwao, Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, akamuuliza kama atawaleta na Harlem Globetrotters, ile timu ya Marekani ya basketi ya maonyesho.

Mwana_Kisiwandui

Hawakulala. Serikali iliunda tathmini iliyoongozwa na mashabiki, ikachukua miaka, ikapita mikono ya vyama viwili tofauti, na Julai 2025 ikawa sheria kamili. Sasa kuna msimamizi huru wa mpira England. Klabu haiwezi kuingia ligi ya kufungwa kama Super League, na haiwezi kuuza uwanja, kuhama mji, kubadili rangi za nyumbani wala nembo bila kupita kwake au kwa mashabiki. Haijazuia Mmarekani kununua. Amenunua, lakini rangi ya jezi si yake.

Shabiki_wa_Kibra

Hapo sawa. Na Emirates, uwanja wetu wa Arsenal, je, iko ndani ya hiyo sheria?

Mwana_Kisiwandui

Imo. Madaraja matano ya juu ya wanaume yote yamo.